Nani Anaitikia kwa Anselmo

Santa Filomena
19 Oktoba 1997

Manang Idad, dada yangu,

Shikamoo kutoka kwangu, na Perla mke wangu anakusalimu, na watoto wote wanakuamkia shangazi yao. Sisi ni wazima. Perla anakohoa, lakini ni kile kikohozi chake cha kila mwaka, wala hakimzuii kugomba. Nguruwe jike amezaa. Mtoto mmoja tumemtenga kwa ajili yako, nitampa Kulas kondakta akuletee siku basi lisipojaa sana.

Usiponijibu sitakulaumu. Tangu Agosti hujaniandikia, na mimi pia sikuandika, kwa hiyo hatudaiani. Nilipokuja siku zile za kumtafuta shemeji ulinipa kahawa, tukakaa. Sijui kama ulinisikia nilipoaga.

Perla anauliza kama umeshaosha nywele mtoni. Nimemwambia aache maswali, akasema ni dada yako, muulize.

Habari ya huku ni kwamba nimeongezewa kazi ofisini kwa meya. Miji minne ya mto Lubnac imeunda baraza moja la maji, kuanzia sisi huku juu penye bwawa mpaka ninyi San Ireneo kule chini. Mimi ndiye katibu. Usinicheke, wamenichagua kwa sababu nina taipureta yangu mwenyewe. Wanataka kiangazi kikija kila mji uwe na siku zake za maji, badala ya hivi sasa ambapo wa juu wanafungua na kufunga wanavyojisikia na wa chini wanabaki kutazama mchanga. Redio inasema mwakani mvua itakuwa adimu. Mimi naona ni jambo jema.

Novemba mosi ukienda makaburini, wawekee baba na mama chakula kwa niaba yangu. Baba usimsahau kwa tumbaku.

Nina jambo la kukuuliza, ila si la haraka.

Mdogo wako,
Eliseo


San Ireneo
9 Novemba 1997

Ading Eliseo, mdogo wangu,

Marahaba. Nguruwe amefika. Hana kikapu, Kulas anasema kikapu kilipata kazi nyingine njiani. Nimemfunga chini ya ngazi. Analia kwa sauti kama ya Perla, usimwambie.

Mwambie Perla nywele naosha kwa sabuni kama watu wote. Ile ya mtoni, ya majivu ya mabua ya mpunga, ni ya kesho yake baada ya mazishi. Hapa hapajawa na mazishi.

Makaburini nilikwenda. Mama nilimwekea wali wa kunata, baba yai, tumbaku na kikombe cha pombe ya miwa. Watu walikuwa wananitazama mikono waone kama nitaweka sahani ya tatu. Sikuweka.

Ulipoaga nilikusikia. Ulisema, "Manang, kula." Nakula. Watu wanasubiri nilie, na mimi nasubiri vilevile. Naamka, nafagia, nalisha bata, jua linazama. Hainiumi popote. Osting jirani yetu anasema nimekuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi haijaisha.

Vitunguu saumu tumeshapanda. Tuta la mianzi lile lililobomolewa na mto limejengwa upya mwezi uliopita. Sheria ya chama chetu cha mfereji unaijua, umekulia humu: kila fungu la shamba litoe mtu mmoja wa kuingia mtoni, na fungu lisilo na mtu halipati maji. Basi Maestro Benigno, mkuu wa chama, alipuliza lile baragumu lake la pembe ya nyati, watu wakajipanga, akaanza kuwaita. Mimi nilikuwa pembeni na birika la kahawa. Akaita, "Anselmo Calaycay," jina la mume wangu. Nikafikiri sasa atasema kitu. Kumbe Osting akaitikia, "Yupo." Maestro akaenda jina linalofuata.

Osting alipiga vigingi vyake mpaka adhuhuri, na baada ya chakula akapiga vya Anselmo. Kesho yake akaitikia mtu mwingine. Hawakuniambia kitu, nami sikuwaambia kitu, niliwamiminia kahawa tu. Maji yanafika shambani kwangu.

Ulilotaka kuniuliza, uliza.

Dada yako,
Felicidad


Santa Filomena
14 Desemba 1997

Manang yangu,

Heri ya Krismasi inayokuja. Nimempa Kulas soseji za Perla na mafuta ya kuchua mgongo. Safari hii nimehesabu mbele yake, ili zikipungua tujue pamoja. Kijana wetu wa kwanza amechaguliwa kuwa mchungaji katika igizo la kanisani. Hana la kusema, kazi yake ni kumshika mbuzi, na hata hivyo hapati usingizi.

Baraza limekutana mara mbili. Rasimu ya mkataba nimeipiga chapa mwenyewe. Siku za maji zitagawanywa kwa kila mji kulingana na mafungu yenye watu wanaofanya kazi kweli mtoni. Kwa mgawo huo San Ireneo mtapata siku nyingi kuliko mlivyowahi kupata tangu nizaliwe, maana ninyi mko wengi. Huku juu wengine hawafurahii. Meya wetu alimuuliza meya wenu, "Hao watu wako wote wana miguu kweli?" Wakacheka, lakini mmoja alicheka zaidi. Kwa hiyo mwezi ujao watakuja watu wa kuhesabu.

Kuna kifungu pia kwamba lango la bwawa lisifunguliwe bila taarifa kwa wa chini. Hicho nilikiandika mimi. Bado hakijapita. Kuhusu mambo ya mwezi wa nane, katika maelezo ya mwanzo pameandikwa "mafuriko". Hilo neno sikulichagua mimi.

Lile la kukuuliza, tuache sikukuu ipite.

Eliseo


San Ireneo
18 Januari 1998

Ading,

Soseji zimefika pungufu. Kulas anasema barabara ina mashimo. Mgongo unakushukuru.

Watu wako wa kuhesabu wamekuja, wawili kutoka kwenu na mmoja wa mji wa kati. Maestro alipuliza baragumu ili waone wenyewe. Watu wote walikuja na nguo safi, kama wanakwenda kupigwa picha. Mimi nilikuwa na birika langu.

Alipoita Anselmo Calaycay, waliitikia watatu kwa pamoja. Osting, na mwanawe mkubwa, na yule Pidiong mwenye kigugumizi, ambaye hata jina lake mwenyewe huliitikia kwa shida. Safari hii lilimtoka moja kwa moja, "Yupo." Kila mmoja alidhani wenzake wamesahau. Huruma yao haikuwa na mpangilio.

Mhesabu wenu akaweka kalamu chini. "Huyu Anselmo ni mtu mmoja au ni kwaya?"

Hakucheka mtu. Akarudia, "Nauliza, yupi kati yenu ndiye Anselmo?"

Maestro akasema, "Anselmo yuko mtoni."

"Basi aitwe atoke."

Hapo yule wa mji wa kati akamvuta shati, akamnong'oneza. Akanitazama mimi, birika na yote, akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini kalamu aliichukua tena, akaandika.

Nikawapa kahawa na wao. Alikunywa, akasema ni nzuri.

Mvua hakuna. Majani ya vitunguu yameanza kuwa njano kwenye ncha.

Felicidad


Santa Filomena
8 Februari 1998

Manang yangu mpendwa,

Sisi wazima. Perla ameacha kukohoa. Bwawa limeshuka mpaka mawe ya zamani yanaonekana, wazee wanakwenda kuyatazama kila jioni.

Nimeianza barua hii mara nyingi, taka za karatasi zimejaa pipa na Perla ananiuliza kama naandika wosia. Naona niseme tu.

Meya wetu anasema San Ireneo wanajaza mafungu kwa watu waliokufa. Anasema kama yuko mmoja, wako hamsini. Nimemwambia yuko mmoja tu, na namjua, ni shemeji yangu. Akasema, "Basi vizuri, Eliseo, jambo lipo karibu nawe. Litengeneze." Hatatia saini mpaka jina la Anselmo liondolewe, na iwepo hati ya kifo yenye saini ya mke. Bila saini yake mkataba hakuna, na bila mkataba hawatafungua maji ya kiangazi, watayaweka yote kwa mashamba ya huku. Miji mingine miwili imekubali kusubiri. Vitunguu vyenu havitasubiri.

Fungu lako halitapotea. Nimehakikisha. Utaandikwa wewe mwenyewe mahali pake, na utatafuta mtu wa kuingia mtoni.

Basi ndilo nililokuwa nataka kukuuliza tangu Oktoba, kabla hata ya meya: kama utakubali aandikwe kwamba amekufa. Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Mahali pa sababu ya kifo wameshajaza huku, "ajali ya mafuriko". Kilichobaki ni saini yako.

Nisamehe kwamba mimi ndiye ninayekuomba.

Eliseo


San Ireneo
1 Machi 1998

Ading Eliseo,

Sisi tupo. Bata wawili wamekufa. Nguruwe wako anaendelea vizuri, ndiye peke yake.

Karatasi nimeipata. Nimeisoma, nikaiweka chini ya mfuniko wa mtungi.

Watu wanakuja nyumbani. Mke wa Osting amekuja na bilinganya nne zilizosinyaa, akasema, "Zimetoka ndogo mwaka huu," akakaa. Maestro Benigno alikuja akanywa kahawa yake yote, akatazama paa. Akaniambia, "Idad, mimi naweza kuliita lile jina mpaka nife. Koo si tatizo." Nikamwambia najua. Akasema, "Tatizo ni vitunguu." Nikamwambia najua hilo nalo. Walifanya kazi ya mume wangu miezi yote hii bila kuniomba hata shukrani, na sasa mashamba yao yanakauka kwa ajili ya jina lake. Usifikiri silioni.

Sasa nikuambie ile siku, kwa kuwa hujawahi kuniuliza. Mvua ilikuwa imekwisha siku kadhaa nyuma. Jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimetoa mablanketi yote ya nyumba, nimeyaanika uani. Wewe mwanamke gani umemwona anaanika mablanketi siku ya mafuriko? Wanaume walikuwa mtoni wanaziba tuta, maji yakiwafika magotini, wanataniana, nilikuwa nawasikia kutoka nyumbani. Anselmo alikuwa upande wa ndani anafunga vigingi kwa chini, kwa sababu yeye ndiye mwenye vidole vyembamba. Kisha maji yakaja yote kwa mara moja. Wenzake walikuwa juu ya tuta, wakaruka. Yeye alikuwa ameinama.

Mablanketi yalikauka vizuri siku hiyo. Niliyaanua jioni na kuyakunja.

Kila mtu wa mto huu anajua kwamba bwawa lenu lilijaa mkaogopa soko lenu litaingia maji, mkafungua lango. Mlikuwa na haki ya kuogopa. Mngetuma hata mtoto mmoja kwa baiskeli.

Mimi si mwendawazimu, Eliseo. Najua mume wangu yuko wapi. Lakini karatasi hii mnataka niseme mimi kwamba amekufa, na mseme ninyi kwamba ni mafuriko. Sitaisaini. Siku Santa Filomena itakaposema mbele ya miji minne kwamba ilifungua lango na haikumwambia mtu, siku hiyo nitasema Anselmo amekufa. Nitasema kwa mdomo wangu, mbele ya mfereji mzima. Fidia sitaki, sitaki mtu anipigie magoti. Wakisema na wao, na mimi nitasema.

Mwambie meya wako hivyo, au usimwambie. Wewe ndiye unayekula mshahara wake, na una watoto. Sitakuchukia.

Felicidad


Santa Filomena
15 Machi 1998

Manang,

Barua nimeipata. Watoto wazima. Mkutano wa baraza ni tarehe ishirini na saba, kwenye ukumbi wa kwenu San Ireneo.

Nitafikia hoteli ya baraza pamoja na wenzangu, sitaweza kupita nyumbani. Usiandae kitu.

Eliseo


Santa Filomena
12 Aprili 1998

Manang Idad,

Heri ya Pasaka. Huku tumekula mtoto wa mwisho wa yule nguruwe jike, Perla alimlilia halafu akaomba mguu.

Utakuwa umeshasikia kwamba mkataba umetiwa saini na miji yote minne. Siku zenu za maji zimebaki zilivyokuwa katika rasimu. Kifungu cha lango kimepita pia: wa juu wakitaka kufungua, baragumu lipulizwe huku, lipokewe mfereji kwa mfereji mpaka kwenu, na lango lisiguswe mpaka jibu lirudi kutoka chini. Maestro wenu ndiye aliyeng'ang'ania hilo la jibu.

Mimi ukatibu nimeuacha. Wamenihamishia machinjioni, kusimamia mizani. Ni kupanga upya watumishi, hutokea. Ni karibu na nyumbani, na mchana nina nafasi ya kupalilia. Taipureta nimeirudisha sebuleni, watoto wanaichezea.

Karatasi ile itupe. Imepigwa chapa nyingine, sijui nani aliipiga. Mahali pa sababu wameacha wazi, ujaze mwenyewe.

Perla hajaanza kuzungumza nami vizuri, lakini chakula anapika.

Eliseo


San Ireneo
10 Mei 1998

Ading, mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Perla. Mwambie namshukuru kwa kukupikia, na nguruwe nimemtengea yeye. Kulas amekubali kumpakia, kwa sharti kwamba amfunge mwenyewe.

Umeniandikia habari zote isipokuwa moja. Hiyo aliniletea Maestro siku ileile ya mkutano. Hakutaka hata kukaa. Alinisimulia akiwa mlangoni, kofia mkononi.

Alisema uliambiwa usome maelezo ya mwanzo. Ukasimama, ukasoma vizuri mpaka ulipofika penye "mafuriko", hapo ukanyamaza. Meya wako akasema, "Endelea, katibu." Ukasema, "Hapa pana kosa, naomba nirekebishe." Ukasema kwamba hapakuwa na mafuriko, kwamba mvua ilikuwa imekwisha, kwamba Santa Filomena ilifungua lango asubuhi ile kuokoa soko na haikutoa taarifa kwa mji wowote, na kwamba chini kulikuwa na watu mtoni na mmoja wao hakutoka. Meya wako akasema, "Kaa chini, Eliseo." Ukasema, "Nakaa, ila iandikwe." Ukakaa, ukaiandika mwenyewe, kwa kuwa katibu ni wewe. Maestro anasema kalamu ilisikika mpaka nyuma ya ukumbi. Halafu meya wako akatazama dirishani muda mrefu, na hakukanusha, na mbele ya miji yote minne akatia saini.

Nami nilikuwa nyumbani nakatakata bilinganya, hatua chache kutoka ukumbini. Sikujua. Ungepita, nilikuwa nimepika, hata kama ulisema nisipike.

Juzi baragumu la kwenu limetufikia kwa mara ya kwanza. Tulikuwa kwenye tuta. Kwanza lilisikika mbali sana, watu wakafikiri ni nyati. Halafu likasikika karibu, kisha mfereji wa jirani, na Maestro akapiga kelele watu watoke majini. Wakatoka wote, wakajipanga. Akawaita mmoja mmoja, kila mtu akaitikia, kabla ya kurudisha jibu.

Akaita, "Anselmo Calaycay."

Osting akanitazama. Wote wakanitazama. Mimi safari hii sikuwa na birika, nilikuwa nimekunja sketi, miguu ina tope, maana nilikuwa nimekwenda kufanya kazi ya fungu langu mwenyewe. Nikasema, "Hayupo. Alikufa mtoni mwezi wa nane." Sauti ilitoka ya kawaida tu. Maestro akasema, "Felicidad Calaycay." Nikasema, "Nipo."

Ndipo akapuliza jibu. Tukakaa ukingoni tukangoja, na maji yakaja, mengi, ya rangi ya kahawa, yakapita mbele yetu yote na hayakumkuta mtu. Pidiong akaanza kulia. Mimi bado, lakini nikaona kwamba sasa inaniuma. Ni mwanzo.

Padri amekubali kusoma misa bila jeneza, Jumamosi ijayo. Sahani yake nimeshaichagua. Kesho yake ni kuosha nywele, na unajua mtu hajioshi mwenyewe, lazima ndugu wa damu ammiminie maji. Mimi nimebaki na wewe tu. Huku mabua yote ya mpunga tumewapa nyati kwa ukame huu, kwa hiyo njoo na mafungu mawili ya kuchoma. Njoo na Perla kama anazungumza.

Na Jumamosi, kabla hujapanda basi, pitia kwenye lango la bwawa. Waambie Jumapili asubuhi tutakuwa mtoni.

Dada yako,
Idad